Idara za ujasusi zinapogongana, nani huamua kinachoandikwa kwenye tathmini?

Muulizaji:
Ndugu wanajukwaa, nimekuwa nikisoma habari za tathmini ya kijasusi ya Marekani kuhusu silaha za Iraq, ile ya Oktoba 2002, na kuna jambo linanisumbua. Baadhi ya idara zilizoshiriki kuiandaa zilipinga waziwazi hoja za nyuklia, lakini hati ilitoka ikisema kwamba Iraq ilikuwa inaufufua mpango wake wa nyuklia, jambo ambalo baadaye lilionekana si kweli. Wapo wanaodai kwamba kosa lilitokana na idara kushindana badala ya kushirikiana, na wapo wanaodai kwamba zilikubaliana haraka mno. Naomba wanaofahamu utaratibu huu wanieleze: idara zinapotofautiana, uamuzi hufikiwa vipi, na je, ushindani huo ni kasoro au ni kinga?

Nahodha:
Ndugu yangu, yatazame yale mabomba ya alumini. Mwaka 2001 shehena yake iliyokuwa ikielekea Iraq ilikamatwa Jordan, na wachambuzi wa CIA wakashikilia kwamba ni ya mashine za kurutubisha urani, hatua ya kuelekea bomu la nyuklia. Wataalamu wa Wizara ya Nishati, ambao mashine hizo ndiyo fani yao, walikataa. Bomba lenyewe lilikuwa na kipenyo cha milimita 81 na ukuta wa zaidi ya milimita 3, yaani jembamba kwa upana na nene kwa ukuta kuliko inavyofaa kwa kazi hiyo, ilhali vipimo hivyo vililingana na roketi ya milimita 81 ambayo Iraq ilikuwa ikiitengeneza kwa kuiga ya Kiitaliano. CIA ikatafuta kuungwa mkono kwingine, katika kituo cha ujasusi cha jeshi la nchi kavu, nacho kikasema kwamba haielekei mabomba hayo kuwa ya roketi. Tume ya Marekani iliyochunguza makosa hayo ya kijasusi, na kutoa ripoti yake Machi 2005, ilikikosoa vikali kituo hicho, kwa sababu roketi ya Marekani yenyewe ilitumia alumini ya aina ileile.

Ilikuwepo kamati ya pamoja ya masuala ya atomiki, ambayo mzozo kama huo ulikuwa ndani ya kazi yake, lakini haikuumaliza kabla tathmini haijaandikwa. Tathmini yenyewe iliombwa na maseneta mwezi Septemba na kuandaliwa kwa muda wa wiki tatu hivi, na mezani rai ya wajuzi wa mashine hizo ikahesabiwa sawa na rai ya idara ambazo fani hiyo si yao.

Katika hati ya siri upinzani haukufichwa. Msimamo wa Wizara ya Nishati kuhusu mabomba uliandikwa, ingawa wizara hiyo, kwa namna ambayo mpaka leo naiona haina mantiki ya kutosha, iliungana na walio wengi kwamba mpango ulikuwa unafufuliwa. Ofisi ya ujasusi ya Wizara ya Mambo ya Nje ilieleza kwa kirefu kwa nini haikuridhika na ushahidi. Lakini katika chapisho la hadharani la Oktoba 2002, wapinzani wote hao waligeuzwa kuwa “baadhi” ya wataalamu, wasiotajwa jina wala idara. Msomaji angejuaje kwamba hao “baadhi” ndio waliobobea? Kwa maoni yangu ushindani ulifanya kazi yake; kilichokosekana ni mtu wa kuzipima rai kwa uzito wake badala ya kuzihesabu.

Bi Kilindini:
Naomba nitofautiane na Nahodha kidogo. Idara haziwezi kusahihishana iwapo hazioni ushahidi mmoja. Uingereza ina kamati ya pamoja ya ujasusi tangu 1936, na desturi yake ni kutoka na kauli moja iliyokubaliwa na wote. Septemba 2002, serikali ilipoandaa waraka wa hadharani uliosema kwamba Iraq ingeweza kuwa tayari kutumia silaha zake ndani ya dakika 45, Brian Jones, mchambuzi mwandamizi katika ujasusi wa Wizara ya Ulinzi, aliandika kulalamikia ukali wa lugha iliyotumika. Akajibiwa kwamba ipo taarifa mpya ya MI6, idara ya ujasusi wa nje ya Uingereza, inayoondoa mashaka, ila ni nyeti mno kuonyeshwa kwa watu wake. Taarifa hiyo MI6 waliifuta Julai 2003, na uchunguzi rasmi wa ujasusi huo, ulioongozwa na Lord Butler mwaka 2004, ukasema kwamba wataalamu hao walistahili kuonyeshwa. Huo si ushindani wala ushirikiano; ni kumshinda mwenzako kwa karata asiyoruhusiwa kuiona, na linaniuma kwa sababu mhusika alikuwa sahihi.

Muulizaji:
Nashukuru sana, wakubwa zangu. Je, mageuzi yaliyofuata yalibadili chochote?

Mtafiti:
Yalibadili, japo si yote. Kabla ya sheria ya Desemba 2004, mkuu wa CIA ndiye pia aliyekuwa msimamizi wa idara zote za ujasusi, kwa hiyo katika ugomvi kama ule wa mabomba alikuwa mshindani na mwamuzi kwa wakati mmoja. Sheria hiyo iliunda cheo cha mkurugenzi wa ujasusi wa taifa, na John Negroponte akakishika kwa mara ya kwanza Aprili 2005.

Matunda yake yalionekana Januari 2017, katika tathmini iliyotolewa hadharani kuhusu Urusi na uchaguzi wa Marekani. Juu ya hoja kwamba Putin alitaka kumsaidia Trump ashinde, CIA na FBI ziliandikwa kuwa na uhakika wa juu, na NSA, idara ya kunasa mawasiliano, uhakika wa wastani. Hapo msomaji aliona nani amesimama wapi. Hata hivyo, Agosti 2021, katika muhtasari wa hadharani kuhusu chanzo cha UVIKO-19, ilisemwa tu kwamba idara moja iliegemea upande wa wanaoamini kwamba ugonjwa ulitokana na tukio la maabara, kwa uhakika wa wastani, bila ya kuitaja. Mwezi Februari 2023 ndipo mkurugenzi wa FBI, Christopher Wray, aliposema hadharani kwamba huo ndio msimamo wa idara yake.