Naomba ushauri: bima ya afya na ukaazi baada ya mume wangu kustaafu Dubai

Ndugu wanajumuiya, assalaam alaykum na poleni na majukumu.

Mimi na mume wangu ni wenyeji wa Tanga tunaoishi Dubai, yeye akiwa na miaka 63 nami 60, na mkataba wake wa kazi unamalizika mwezi wa sita. Ukaazi wangu umefungamana na wake, na bima yetu inalipiwa na mwajiri, hivyo vyote vitakoma pamoja na kazi. Kiinua mgongo, kinachokokotolewa kwa siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, hakitafikia akiba ya dirhamu milioni 1 inayoweza kumpatia mtu kibali cha wastaafu cha miaka 5, wala hatuna nyumba huku.

Kijana wetu anayefanya kazi hapa yuko tayari kutudhamini, na mume wangu anapenda sana tubaki karibu na wajukuu. Kinachonisumbua ni kwamba natumia insulini, na mawakala wa bima tuliowaendea ama wamekataa ama wametaja bei ambayo sitaki kumbebesha mtoto mwenye familia changa.

Je, yupo mwenye umri kama wetu na kisukari aliyepata bima binafsi inayogharamia dawa za kila mwezi, na aliipataje? Na kwa mliorudi nyumbani, insulini na vipimo vinapatikana Tanga kwa uhakika, au mnalazimika kwenda Dar es Salaam?