Kosa la mpokea dau katika filamu za zamani za Uingereza

Ndugu zangu, jana hapa Mikindani tulitazama kichekesho cha Kiingereza cha miaka ya 1950 kuhusu mbio za farasi, na kila askari alipotokea, mpokea dau alitimua mbio. Kosa lake lilikuwa lipi?

Jibu, Lindi mjini: Sheria ya mwaka 1906 ilikataza kupokea dau mitaani, ingawa waliokwenda uwanjani, au matajiri walioaminiwa kubashiri kwa mkopo, hawakuguswa, kwa hiyo aliyebanwa ni kibarua, na ndiyo maana watazamaji walimshangilia mpokea dau aliyekimbia badala ya askari.

Jibu, Masasi: Shikamoo, mzee. Naongeza kuwa maduka ya kubashiri yaliruhusiwa kufunguliwa Mei 1961. Mdogo wangu, anayebashiri kwa simu, hakuniamini.