MREJESHO: Supu ya udon ya Takamatsu nikiwa Tokyo

Habari zenu wakuu. Niliwaomba msaada baada ya kuhamia Tokyo kutoka Takamatsu, mji wa mkoa wa Kagawa hapa Japani: nitapata wapi udon (tambi nene za ngano) yenye ile supu nyepesi ya Kagawa, hasa baridi hii ikizidi?

Mliosema nijaribu vibanda vya kula umesimama pale stesheni, nilikwenda. Bei poa, huduma chapuchapu, ila supu yao ni nyeusi kwa sosi ya soya na imekolea ladha ya samaki katsuo. Si mbaya, lakini siyo yenyewe.

Kilichonikomboa ni ushauri wa dada aliyesema nipike mwenyewe kwa iriko, ambao kusema kweli ni dagaa wakavu tu. Unawatoa vichwa na matumbo (ukiyaacha supu inakuwa chungu), unawaloweka usiku kucha kwenye friji pamoja na kipande cha mwani wa kombu. Asubuhi unabandika moto mdogo, kombu unaitoa kabla maji hayajachemka, dagaa unawaacha kama dakika 10, kisha unachuja. Soya iwe usukuchi. Rangi yake hafifu ila ina chumvi kuliko ya kawaida, mimina kwa adabu. Mirin, ule mvinyo mtamu wa mchele wa kupikia, siweki, ina pombe. Sukari kidogo inatosha.

Kukanda tambi kwa miguu kumenishinda, zinakatika sufuriani. Nanunua Sanuki udon (yaani udon za Kagawa) za kugandishwa supamaketi, na zinavutika vizuri tu.

Na wewe uliyesema nikamulie ndimu, mke wangu yuko upande wako. Mimi bado. Asanteni sana.