Lieberman aliangushwa mchujoni akasimama huru: alikosea?

MWANA WA KISAUNI
Assalam aleykum. Hapa barazani tumebishana kuhusu Joe Lieberman, aliyekuwa seneta wa jimbo la Connecticut, Marekani. Mwaka 2000 chama chake cha Democrat kilimfanya mgombea mwenza wa Al Gore, aliyewania urais. 2006, kwa kuwa aliunga mkono vita vya Iraq, wanachama wa chama hicho hicho jimboni wakamwangusha mchujoni na kumpa Ned Lamont tikiti. Akasimama kama mgombea huru, akashinda. Mimi nasema kiti ni cha wapiga kura wote, si cha chama. Mwaonaje?

BI LIKONI
Mwanangu, kushinda alishinda. Lakini 2008 alipanda jukwaa la mkutano mkuu wa chama pinzani cha Republican kumpigia debe mgombea wao wa urais, McCain, dhidi ya Obama! Halafu 2009 akakataa bima ya afya ya serikali, ikaondolewa kwenye mswada wa afya wa Obama. Hilo simsamehe, kwa sababu maskini ndio walioumia.

FUNDI WA TUDOR
Shikamoo Bi Likoni. La bima sikubishii. Ila mtu huyu 1998 alisimama Seneti kumkemea Clinton, rais wa chama chake, kisha 1999 akapiga kura asiondolewe madarakani. Huo ni msimamo.

MWANA WA KISAUNI
Na 2007 Democrat walidhibiti Seneti kwa 51 dhidi ya 49, yeye akiwemo kwenye hao 51. Ndiyo maana walimbembeleza. Kwetu Kenya, kifungu cha 103 cha katiba chamnyang'anya kiti mbunge anayejiuzulu chama kilichompeleka bungeni. Mimi ningependa kilegezwe.

BI LIKONI
Kilegezwe? Wanunuliwe kama samaki mnadani? La, mwanangu.