Wakala wa forodha alinihesabia ushuru wa asilimia 10, mzigo umetoka kwa 25, na msimu wa Malindi umenipita

Jamani, hili donge nimekaa nalo wiki mbili. Leo nalitoa, na atakayeudhika audhike.

Biashara yenyewe ni mashine za pazia la hewa. Mliofika Dubai mmeziona: duka mlango wazi mchana kutwa, na ndani baridi haitoki. Juu ya mlango pamefungwa mashine ndefu kama boriti, inapuliza hewa kwa nguvu mpaka sakafuni. Joto na vumbi la nje haviingii, na nzi akijaribu anarudishwa. Haina gesi wala haipozi, ni mota na feni tu ndani ya kasha. Nilipoiona niliwaza mabucha yetu hapa Malindi, maduka ya dawa, na mikahawa ya Casuarina na Watamu inayoacha milango wazi huku AC zikila umeme.

Sikuagiza kwa pupa. Nilizunguka na tepu mkononi, mlango kwa mlango, kwa sababu mashine ikiwa fupi kuliko upana wa mlango joto na nzi vinapita pembeni, na mlango ukiwa mrefu kupita kiasi hewa inafika chini imechoka. Hewa yetu ya chumvi naijua, bati la kawaida halimalizi mwaka bila kutu, kwa hivyo nikashindana na kiwanda cha China mpaka wakanitolea kasha la alumini. Cheti cha ukaguzi wa ubora kabla ya mzigo kupakiwa nilikifuatilia mwenyewe. Wateja tisa waliniwekea sahihi. Nikaagiza 16, kwa bangili zangu nilizouza na mgao wangu wa chama.

Sasa huyu wakala. Mzigo huwezi kuutoa mwenyewe, lazima wakala mwenye leseni. Nilimpelekea ankara, picha, hata video ya mashine ikifanya kazi. Nikamuuliza mara tatu: hii itaingia daraja gani la ushuru? Maana viwango vya Afrika Mashariki ni asilimia 0, 10, 25 na 35, na kati ya kimoja na kingine kuna mtaji wa mtu. Akanijibu, "Dadangu, tulia. Hiyo ni 10. Laki moja na elfu sitini na tano, kila kitu ndani."

Tazameni hesabu. Thamani ya mzigo pamoja na nauli na bima ilikuwa shilingi 400,000. Kwa asilimia 10 ushuru ni 40,000. VAT ya asilimia 16 haipigwi kwenye 400,000 peke yake, inapigwa baada ya kujumlisha ushuru, kwa hivyo ni 70,400. IDF, yaani ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5 ni 10,000, ada ya reli asilimia 2 ni 8,000. Jumla 128,400. Kwa asilimia 25 ushuru unakuwa 100,000, VAT inapanda hadi 80,000, na zile ada mbili ziko palepale. Jumla 198,000. Tofauti ni 69,600, hiyo ni faida yangu ya mashine kadhaa imekwenda.

Mzigo ulifika Mombasa tarehe 3 Novemba. Ankara ya kiwanda inasema pazia la hewa. Yeye wakala, kwenye tamko, ile hati ya kuieleza forodha mzigo ni nini, kaandika vifaa vya kupoza hewa! Hakunionyesha kabla ya kutuma. Karatasi mbili hazisemi lugha moja, basi mzigo ukazuiwa na watu wa forodha, masanduku yakafunguliwa, wakakuta feni na mota, hakuna kinachopoza chochote. Wakaupandisha 25. Afisa aliyekagua alinieleza kwa heshima na simlaumu. Kama 25 ndiyo haki yake, ningelipa, lakini ningejua mapema na kupanga bei yangu.

Na hili ndilo linaloniuma hasa. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu mwagizaji kuomba uamuzi wa daraja la bidhaa kabla hajaiagiza. Unapeleka maelezo ya bidhaa, unapewa jibu la maandishi. Kwa bidhaa ambayo mtaani haijazoeleka, hilo ndilo la kwanza kufanywa. Nimelijua siku mzigo uko ndani. Mtu anayekula kwa kazi hii anashindwaje kuniambia? Na kosa akifanya wakala, sheria inakushika wewe mwenye mzigo pia.

Siku 42 ghalani. Bili ya ghala 57,000. Simu yangu ikawa haipokewi. Siku alipopokea aliniambia, "Mambo ya makaratasi, dadangu." Makaratasi aliyaandika nani?

Mzigo ukatoka 15 Disemba. Mtu wa Malindi ataelewa maana yake. Mwenye hoteli hufanya matengenezo kabla ya Disemba. Wageni wakishajaa, hakuna anayekubali fundi atoboe ukuta juu ya mlango wa mgahawa. Baada ya Pasaka hoteli nyingi zinafunga, kusi inaingia, na pesa inalala. Wateja wangu watano kati ya tisa wamejitoa. Wamenijibu vizuri tu, lakini wamejitoa.

Moja nimeifunga kwenye bucha, na mwenyewe ananiletea watu waje waone nzi walivyopungua. Mashine ni nzuri! Ndiyo maana nina hasira hivi.

NYONGEZA: Mnaouliza kama nina mkataba naye, ninao ujumbe wa simu wenye bei, na nimeuhifadhi. Mnaonishauri nisamehe kwa kuwa ni mtu wa hapa hapa, yeye hakukumbuka uhapahapa nilipokuwa nampigia. Ninachotaka ni 57,000 ya ghala, na nakala ya lile tamko na kila risiti aliyolipa kwa jina langu. Mpaka leo sijaona hata moja. Jumatatu nipo Mombasa mlangoni pake na faili langu. Mwenye kumjua wakala anayeonyesha tamko kabla ya kulituma, aniandikie, kwa sababu zile mashine za ukubwa wa mita moja na nusu bado kuna duka la dawa linazisubiri.