Kaseti ya bibi imekatika na ina kuvu, nifanyeje niiokoe sauti?

BintiBumbwini:
Assalam aleikum. Nina kaseti ya dakika 60 ambayo bibi yangu mzaa mama alimrekodia mama alipokuwa Maskati, mwaka 1986. Zamani hizo watu wakipelekeana barua za sauti. Anataja nani kaolewa, karafuu zimeuzwaje, mwisho anaimba wimbo wa kubembeleza mtoto, na mtoto mwenyewe ni mimi. Sauti yake nyingine hatuna.

Ilikaa sandukuni chini ya kitanda, masika maji yakaingia chumbani. Sasa kingo za mkanda zina unga mweupe. Jirani aliitia kwenye redio, redio ikaula mkanda, na alipouvuta ukakatika. Kama shubiri moja imekunjamana. Kaka anasema niianike juani, shemeji anasema niiunge kwa selotepu. Mimi sijaigusa tena. Naogopa.

FundiWaRedio:
Umefanya vyema kutoigusa, dada. Jua litapinda plastiki. Selotepu gundi yake huvuja pembeni, ikagandisha mkanda na kuchafua hedi, yaani kile kichwa cha redio kinachosoma mkanda. Tafuta utepe maalumu wa kuungia kanda.

Kwanza ikaushe. Iweke kwenye chombo chenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu, wiki mbili au zaidi. Kisha toka nje, vaa barakoa, pangusa kuvu kwa brashi laini kavu. Usiicheze kabla ya hapo, vumbi lile litahamia kwenye redio na kanda zako nyingine.

Ganda likiwa na skrubu, lifungue juu ya meza safi. Likiwa limegandishwa, litapasuliwa kwenye mshono. Hamishia mkanda kwenye ganda zima la kaseti nyingine ya skrubu, na hakikisha kile kipande cha sponji kinachokandamiza mkanda kwenye hedi kipo. Kikikosekana sauti hufifia.

MzeeWaStudio:
Mwanangu, usikate hiyo shubiri iliyokunjamana! Kaseti hukimbia sentimita 4.76 kwa sekunde, kwa hiyo ni karibu sekunde tano za bibi yako. Inyooshe taratibu kwa kidole kilichovaa glavu ya pamba, uiache. Itasikika ikiyumba, lakini maneno yatakuwapo.

Utasoma pia habari za kuoka kanda. Hiyo ni dawa ya kanda za studio za miaka ya 1970 na 1980, kama Ampex 456, ambazo gundi yake hunyonya unyevu ikanata. Huokwa kwa nyuzi kama 54 kwa saa nyingi. Yako usiioke.

Safisha hedi kwa spiriti, rekodi mara moja kwenye kompyuta kwa programu ya kurekodia ya Audacity, hifadhi faili la WAV, lisilobana sauti, sehemu mbili tofauti. Sauti ikiwa nzito kama ya mtu aliyefunika mdomo, mwambie fundi azungushe kidogo skrubu ya hedi huku anasikiliza, mpaka herufi *s* zisikike kali.

BintiBumbwini:
Wazee wangu, wiki tano zimepita. Fundi wa Darajani kaiunga na kuihamisha, tumerekodi upande wa kwanza wote. Palipokunjamana bibi anasema "mwambie Salama asi…" sauti inazama, inarudi. Mama kasikiliza mara tatu, kamalizia mwenyewe: asiuze cherehani. Nyuma kuna kuku, anasema banda lilikuwa chini ya dirisha la jikoni.

Wimbo uko upande wa pili. Tunaurekodi Jumamosi, mama katuambia tumsubiri.