Ukuta wa majina ya wachangiaji wa shule: tupange kwa kiasi au kwa vitongoji?

Katibu_Kamati: Wakuu, naomba mawazo. Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi wa sekondari ya kata yetu, milimani huku Same. Jengo limefika kwenye rangi. Tumekubaliana waliochangia waandikwe ukutani kwenye korido kabla mgeni rasmi hajaja kuzindua. Tulidhani hiyo ndiyo kazi nyepesi kuliko zote, kumbe wapi!

Wenzetu wa Dar na walioko Marekani wanataka majina yapangwe kwa kiasi: dhahabu, fedha, shaba. Wazee hawataki hata kusikia. Wanasema mchanga wa korongoni ulipandishwa kichwani na kina mama siku za msaragambo (kazi za pamoja za kijiji), leo hao waitwe shaba? Halafu kuna walioahidi kwenye harambee na mpaka sasa kimya. Tufanyeje?

FundiChokaa: Usipake majina kwa rangi, watoto watayakwangua muhula wa kwanza tu. Stika kubwa moja nayo hapana. Jina moja likikosewa unachapisha yote upya. Nenda kwa wanaochonga mawe ya makaburi, wana mashine ya graniti. Wakukatie vibao vidogo, kila kimoja jina moja, vifungwe kwa skrubu. Mwakani akitokea mchangiaji mwingine unaongeza chake. Ila jiwe lisiwe jeusi, korido itageuka makaburini 😂

Mama_Wawili: Herufi zisipungue sentimita mbili, na mstari wa juu usizidi kimo cha mtu mzima. Kuna shule waliweka juu ya mlango, bibi yangu akaonyeshwa jina lake kwa fimbo na bado hakuliona.

Mjasiriamali_DSM: Mimi nipo upande wa Dar. Si bado mna maabara ya kujenga? Aliyetoa milioni tano akijiona sawa na wa tofali kumi, awamu ijayo naye ataleta tofali kumi.

MwalimuMstaafu: Huyo mpe cheti mkononi mwa mgeni rasmi, apige na picha. Ukutani panga kwa vitongoji, ndani yake kwa alfabeti. Walioko nje waingie kitongoji walikozaliwa, maana ndiko ndugu zao watakapowatafuta. Kina mama waandikwe kila mmoja kwa jina lake, siyo "na wanawake wa kijiji". Ugomvi huanzia hapo. Daftari la mahudhurio ya msaragambo si lipo kwa mwenyekiti wa kitongoji? Ahadi si mchango, jina liende kwa mwenye stakabadhi. Na wapo wanaotoa kwa ajili ya Mungu tu, hawapendi kutajwa. Waulize kwanza, siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Mjasiriamali_DSM: Cheti sawa, nimekubali nusu.

Katibu_Kamati: Shikamoo Mwalimu. Vitongoji nadhani vitapita kikaoni. Waliofariki kabla jengo halijaisha je?

MwalimuMstaafu: Marahaba. Nao waandikwe kitongojini mwao, na neno "Marehemu" waamue watoto wao. Kabla ya kuchonga, bandika orodha nzima ofisi ya kijiji wiki mbili, na kalamu ining'inie hapo, kila mtu asahihishe jina lake mwenyewe. Mstari wa kalamu ni bure, kibao cha graniti kinalipiwa mara mbili.

Katibu_Kamati: Orodha naibandika Jumatatu. Fundi, nitumie PM bei ya kibao kimoja.